Inasimama Yenyewe

Kwetu Osterby, mji mdogo wa baridi kando ya ziwa, mtu akishanunua pikipiki na kuipamba mpaka mkewe akaanza kuionea wivu, roho haimtulii mpaka aipeleke kwa mama mpiga picha, Corliss Vandehey, ikapigwe picha. Si picha ya simu mbele ya gereji, hapana. Ni picha ya studio, kubwa kama mlango, pikipiki peke yake katikati ya weusi mtupu, spoki zote zinahesabika, nati zinang'aa, na hakuna mtu wala stendi. Picha hiyo hutundikwa sebuleni, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Ziko nyumba ambazo picha ya harusi imehamishiwa karibu na choo, na mama mwenye nyumba hukuonyesha huku akicheka, ingawa kicheko chenyewe hakifiki machoni.

Na kila mwenye pikipiki, siku anapoonyeshwa picha yake, husema neno lile lile. Kwanza humeza mate. Halafu husema, "Lo! Inasimama yenyewe!"

Arvid Halvorsen alikuwa amelisikia neno hilo kwa miaka, na kila alipolisikia alitabasamu peke yake kule nyuma ya pazia alikokuwa akivua glavu. Maana pikipiki haisimami yenyewe. Ukikunja stendi yake ukaiachia, italala chini na kukuvunjia usukani, taa na moyo. Aliyekuwa akizisimamisha zote zile, za wachinja nyama na za mahakimu, ni yeye.

Kazi ilikuwa hivi. Mwenye pikipiki akishaisukuma ndani na kuifuta kwa mara ya mwisho na fulana kuukuu, Corliss humkalisha kwenye kiti cha ngozi pale mbele, karibu na kamera. Arvid huvaa nguo nyeusi kuanzia kofia ya kufunika uso mpaka soksi, akachuchumaa upande wa pili wa pikipiki, ule usioonekana, akakunja stendi na kuishika fremu kwa mkono mmoja chini ya siti. Taa zinazimwa. Corliss anaifungua kamera gizani, kisha anapita polepole na taa yake ndefu nyembamba, akiipaka pikipiki mwanga kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma, kama mtu anayepaka ukuta chokaa. Muda wote huo kamera iko wazi, na chochote kitakachotikisika kitatoka na ukungu. Baadaye, kwenye kompyuta, Corliss hufuta vidole vichache vya glavu vilivyochungulia, na kipande cha goti, na kivuli cha kofia kilichoangukia bomba la moshi. Kwa kifupi, anamfuta Arvid. Walizoea kutaniana kwa hilo.

"Leo umenisumbua, mzee," Corliss angesema. "Pua yako imeingia kwenye taa ya mbele. Nimeikata."

"Yote?"

"Yote. Ukipata mafua utajua mwenyewe."

Mwenye pikipiki haruhusiwi kuishika ya kwake. Zamani alijaribiwa fundi bomba mmoja, akaapa kwamba atatulia kama mti. Taa ilipofika kwenye tangi, jamaa akashindwa kujizuia, akainua kichwa atazame rangi yake inavyowaka. Picha ikatoka na uso wake kama mwezi mwekundu juu ya siti. Wenye pikipiki ni wapenzi, na mpenzi hatulii. Arvid alitulia. Alipima muda kwa sala ya Baba Yetu, akiisema moyoni taratibu kama walivyomfundisha kanisani utotoni, na kutoka neno la kwanza mpaka amina hakuvuta pumzi kubwa wala kupepesa. Mtu aliyeishi peke yake muda mrefu hujifunza kutulia bila hata kutaka.

Maana alikuwa peke yake, tena sana. Mkewe aliondoka zamani akaolewa kwingine, huko Florida kwenye joto, na alichobakiza ni kadi ya Krismasi yenye picha ya mbwa wasiojulikana. Wenzake wa kuendesha naye, wale waliokuwa wakizunguka ziwa lote kila kiangazi, mmoja alikuwa kaburini, mwingine alihamia Arizona kwa binti yake, na wa tatu alikuwa hai hapo hapo mjini lakini hamkumbuki mtu. Kiwanda cha kuyeyusha chuma alichokifanyia kazi kimekuwa ghala la kuhifadhia samani za watu. Siku isiyokuwa na picha, Arvid aliweza kuimaliza bila kutumia sauti yake hata kidogo, na jioni akimsalimia mwuza nyama, maneno yanatoka na kutu.

Lakini siku za picha ilikuwa habari nyingine. Studio ya Corliss ni kiwanda cha jibini cha zamani, na mvua ikinyesha kuta bado zinanuka maziwa. Ukuta wake mmoja anashiriki na jirani, Delbert Kranz, mwenye baa na ukumbi wa boling, ule mchezo wa kuviringisha mpira kuangusha pini. Ijumaa, kazi ikiisha, Delbert huingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, na sinia la samaki wa kukaanga, viazi, na mkate mweusi. Wanakaa watatu juu ya masanduku ya taa wanakula kwa vidole, Delbert akilalamikia wateja wake, Corliss akiwasengenya wake, Arvid akisikiliza. Hakuwa msemaji. Lakini akichelewa, mmoja wao angeuliza, "Arvid yuko wapi?" Na hilo ndilo lililokuwa likimtoa kitandani wiki nzima, swali hilo tu, kwamba kuna mahali duniani asipokuwapo watu wanauliza.

Mkono ulianza kutetemeka majani ya miti yalipoanza kuanguka.

Mwanzoni ulikuwa mtetemo mdogo wa kidole gumba, akadhani ni kahawa. Akaacha kahawa. Kidole kikaita wenzake. Akanunua glavu nene zaidi. Nyumbani akajipa mazoezi kama kuruta: anashika ufagio ukiwa wima jikoni, juu yake ameweka kikombe cha maji, anasali Baba Yetu yake. Alikuwa hajafika kwenye maneno ya mkate wa kila siku, maji yako sakafuni. Daktari aliupa ugonjwa jina, akampa na vidonge, akamwambia kwa upole kwamba vidonge ni vya kuuchelewesha tu. Arvid akamshukuru, akaiweka ile karatasi ya dawa mfukoni, akaenda moja kwa moja studio kushika pikipiki ya mchungaji.

Hakumwambia mtu. Aseme nini? Mshika pikipiki aliyeshindwa kutulia ni sawa na mpishi asiyejua chumvi. Alijua siku atakapofungua mdomo ndiyo siku ya mwisho kuulizwa yuko wapi. Basi akajikaza kisabuni, akajaribu mkono wa kushoto, ukashindwa, akarudi kwa wa kulia, akawa anajibanza bega kwenye injini, akimwomba Mungu kipupwe kipite. Kipupwe ndiyo msimu wenyewe kwetu: theluji ikishaziba barabara, pikipiki zinakuwa hazina safari, na wenyewe wanakosa la kufanya ila kuzipiga picha.

Corliss aliuona ukungu kabla ya Krismasi.

"Njoo utazame hapa, mzee," alimwita kwenye kompyuta. "Spoki hizi. Unaona? Kama zimevaa sufi."

Arvid alitazama. Aliziona vizuri sana. "Macho yangu haya," alisema.

"Si macho yako. Kuna kitu kinatikisika humu ndani."

Na hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo, kwa sababu Corliss si mtu wa kuacha jambo. Ni mwanamke aliyewahi kurudi dukani mara tatu kwa ajili ya skrubu moja. Kwanza alisema ni treni ya mizigo inayopita karibu, akawa anapanga picha kwa kuikwepa treni. Ukungu ukabaki. Akasema ni feni ya kipasha joto. Akaizima, wakawa wanafanya kazi kwenye baridi ya kugandisha mate, wateja wamejifunga mablanketi kwenye kile kiti cha ngozi, na mkono wa Arvid kwenye baridi hiyo ukachachamaa maradufu. Ukungu ukazidi. Kamera akaipeleka kwa fundi, ikarudi na sifa njema. Mwisho akatega sikio ukutani, akasikia mpira mzito unaviringishwa upande wa pili, unanguruma juu ya mbao, halafu pini zinaanguka.

"Delbert," alisema. "Ni huyo Delbert na mipira yake."

Ugomvi wao mji mzima uliusikia. Corliss alimtaka asimamishe mchezo kila anapopiga picha. Delbert akasema mipira hiyo imeviringishwa hapo tangu babu yake, na picha zilitoka safi miaka yote, leo imekuwaje? Corliss akasema huenda mbao zimeoza. Kumwambia Delbert kwamba mbao zake zimeoza ni bora umtukane mama yake.

"Zimeoza?" Delbert alifoka, amesimama mlangoni na aproni yake. "Mbao za babu yangu? Kichwa chako ndicho kimeoza, kwa kuvuta harufu ya jibini!"

"Basi toka nje ya jibini langu!"

"Natoka! Na samaki utakaanga mwenyewe!"

Ijumaa hiyo hakukuwa na sinia. Wala iliyofuata. Corliss alikula sandwichi akiwa amesimama. Arvid alikaa juu ya sanduku lake, ameuficha mkono katikati ya mapaja, akiutazama ule mlango wa nyuma. Alijua kwamba neno moja tu kutoka kwake lingemrudisha Delbert na sinia lake, na alijua pia kwamba akilisema yeye hatakuwepo kula. Akanyamaza. Alijiona mtu mbaya, na bado akanyamaza.

Mwezi wa pili alikuja Bernadine Kluge. Huyu ni mama aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu, ana ulimi wa kukwaruza lakini ukimjulia ni mtu mwema. Pikipiki yake ni ndogo, ya Kiingereza, ya kijani, nyepesi mno kuliko yale majabali ya wanaume, na chini kabisa kwenye fremu, karibu na mahali lami inapopita, ilikuwa na kengele ndogo ya shaba isiyozidi tunda la zabibu. Waendesha pikipiki wa huku huzitundika hivyo. Wanasema mashetani ya barabarani yakiidandia pikipiki hunasa ndani ya kengele, kelele zinayatia wazimu, yanadondoka. Tena huwezi kujinunulia. Sharti upewe na mtu anayekutakia mema. Bernadine alipewa na dada yake.

"Kengele usiiguse," alimwambia Corliss kabla hata ya kuvua koti. "Na itokee kwenye picha. Sijaleta pikipiki hapa, nimeleta kengele. Pikipiki imenisindikiza tu."

"Itatokea, mama. Kaa ujifunike blanketi."

"Mbona baridi hivi? Unapiga picha au unahifadhi nyama?"

Kabla Corliss hajajibu, mlango wa nyuma ulifunguliwa, akaingia Delbert bila kubisha kama zamani, ila safari hii mikono yake ilikuwa mitupu, ameifumbata kifuani.

"Nimefunga," alisema. "Sikia. Hakuna mpira unaoviringishwa. Kina mama wa kanisa wamekaa kule na viatu vyangu vya kukodi vya boling miguuni wananinunia. Haya, piga picha yako. Ikitoka safi, mbao zimeoza. Ikitoka na ukungu, utaniomba radhi hapa hapa, mbele ya Bernadine."

"Mimi sipo," alisema Bernadine. "Lakini endeleeni."

Corliss alikaza midomo. "Kaa pembeni basi. Arvid, tayari?"

Arvid alikuwa ameshachuchumaa upande wa pili, kofia usoni. Alisema yuko tayari. Alikunja stendi. Pikipiki ilikuwa nyepesi mkononi kama baiskeli, na hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu zile nzito zilikuwa zikiumeza mtetemo wake nusu. Taa zilizimwa. Feni imezimwa, treni haipo, ukuta wa Delbert umenyamaza kwa mara ya kwanza tangu babu yake. Kulikuwa na kimya ambacho Arvid hakuwahi kukisikia mle ndani. Corliss alifungua kamera, akaanza kutembea na taa.

Baba yetu uliye mbinguni, alianza Arvid.

Kengele ikalia.

Ilikuwa sauti ndogo mno, kama kijiko kimegusa kikombe chumba cha pili. Lakini katika kimya kile kila mtu aliisikia. Ikaacha, ikalia tena, na mara hii haikuacha.

"Washa taa," alisema Bernadine, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Taa ziliwaka. Corliss alitazama dari. Delbert alijilaza kifudifudi, aproni na yote, akatega sikio sakafuni. Bernadine alikuwa amesimama, blanketi limemwanguka miguuni.

"Sakafu imetulia," Delbert alisema kutoka chini. "Kama kaburi."

"Basi ni upepo," alisema Corliss. Alilowesha kidole akawa anakipitisha madirishani. "Hakuna upepo. Hakuna upepo popote."

"Kengele hiyo hailii bure," alisema Bernadine. "Imekaa gerejini miezi, haijalia. Kuna kitu kimeidandia. Nipeni pikipiki yangu niondoke nayo."

"Ngoja kidogo, mama."

"Singoji. Na sijui kama nitaipanda tena."

Corliss alikaa juu ya sanduku la taa, akashika kichwa. Uso ulikuwa umemshuka. "Delbert, nisamehe," alisema. "Si wewe. Ni jengo. Jengo lenyewe ndilo limekufa, linatikisika lenyewe. Nimeona nafasi ya studio mjini Green Bay, nilikuwa sitaki, lakini nitahama. Mwezi ujao nitahama."

Delbert alinyanyuka akajipangusa magoti. Hakuonekana mtu aliyeshinda. "Green Bay?" alisema. "Utakula nini Green Bay?"

Watu watatu walikuwa wametafuta darini, sakafuni, madirishani na kwa mashetani, na hakuna hata mmoja aliyegeuza macho akamtazama mtu aliyekuwa ameishika pikipiki. Si kwa dharau. Walimpenda, kila mmoja kwa namna yake. Ni kwamba walikuwa wamezoea kutomwona pale nyuma. Kazi yake aliifanya vizuri kiasi hicho. Arvid, amechuchumaa na kofia yake nyeusi, aliliona hilo wazi, na liliuma kuliko alivyotarajia. Pia aliona kwamba akitulia tu, akinyamaza tu, lawama itaangukia jengo na hakuna atakayejua kamwe. Corliss atahama bure na kujitia deni, Bernadine ataiogopa pikipiki yake mpaka kufa, na yeye atabaki na siri yake salama, hana pa kuipeleka.

"Ni mimi," alisema.

Hawakumsikia. Delbert alikuwa anasema kitu kuhusu Green Bay.

"Ni mimi, Corliss." Ilibidi apaze sauti, na sauti ilitoka na kutu. "Si jengo. Ni mkono wangu."

Wakageuka. Arvid hakuweza kusimama maana angeiachia pikipiki, kwa hiyo aliipandisha kofia mpaka puani, akavua glavu kwa meno, hapo hapo alipochuchumaa, akaurudisha mkono mtupu kwenye fremu ili wauone. Vidole vilikuwa vinacheza juu ya chuma cha kijani. Chini yake kengele ya shaba ililia taratibu, bila kupumzika.

Corliss alikuja akapiga magoti upande wa pili. Aliiteremsha stendi kwa mkono wake, pikipiki ikaegama, na kengele ikanyamaza.

"Tangu lini?"

"Majani yalipoanza kuanguka."

"Majani! Na ukaniacha niwagandishe wateja? Ukaniacha nitukanane na Delbert?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, mzee? Mimi ningekula nyama yako?"

Arvid alivua ile kofia. Nywele zake chache zilikuwa zimesimama. "Sina mahali pengine pa kwenda," alisema. "Hapa ndipo ninapokwenda. Basi."

Kule upande wa pili kina mama wa kanisa walianza kugonga ukuta. Bernadine aliliokota blanketi lake, akaja akamfunika nalo mabegani, kwa ukali kidogo, kama anamvisha mtoto wa shule aliyesahau koti.

"Nilidhani ni shetani," alisema.

"Ni mimi tu," alisema Arvid.

Siku hiyo Delbert ndiye aliyeishika pikipiki ya kijani. Alivaa nguo nyeusi za Arvid, hazikumtosha, akaharibu picha mbili kwa chafya, na ya tatu kwa kuuliza gizani kama wamemaliza. Bernadine aliahidiwa siku nyingine. Ijumaa sinia lilirudi, na samaki walikuwa wengi kuliko kawaida, na Delbert alisema sana kuliko kawaida ili pasiwe na kimya. Alimkatia Arvid samaki wake vipande vidogo kabla hajaombwa. Alifanya kwa wema. Arvid alivitazama vile vipande vilivyopangwa sahanini, akasema asante.

Corliss alitengenezewa mkono wa chuma na fundi wa kuchomelea. Uliingia kwenye tundu sakafuni, pale pale Arvid alipokuwa akichuchumaa, na ulikuwa na kucha mbili zilizovikwa mpira za kuing'ata fremu. Ulipakwa rangi nyeusi. Hauhitaji glavu wala kahawa, na ni rahisi kuufuta kwenye kompyuta maana kila siku unakaa mahali pamoja.

"Lakini wewe uje," Corliss alimwambia. "Unasikia? Uje kama kawaida. Utakaa na wateja, utawapigisha soga."

Arvid, kupigisha watu soga. Alisema atakuja.

Alikuja. Theluji ilikuwa inayeyuka na matone yalidondoka kutoka kwenye paa. Mteja alikuwa daktari wa meno, kijana kutoka Appleton, na pikipiki yake nyekundu ilikuwa kubwa kama ng'ombe. Kipasha joto kilikuwa kimewashwa na feni inanguruma. Corliss alisogeza kiti cha pili karibu na kile cha ngozi, Arvid akakaa pale mbele, mahali ambapo miaka yote hakuwahi kukaa hata dakika moja.

"Na ya kwako ipi, mzee?" daktari wa meno aliuliza kwa uchangamfu.

"Nimekuja kutazama."

"Ulishapiga picha ya kwako?"

"Hapana," alisema Arvid. "Niliiuza."

Taa zilizimwa. Kumbe hivi ndivyo inavyokuwa ukiwa mbele: giza, halafu mwanga unazaliwa kwenye tairi, unapanda kwenye usukani, unateleza juu ya tangi, na hiyo pikipiki inatoka gizani kidogo kidogo kama inaumbwa. Ilikuwa nzuri kupita alivyodhani. Bila kukusudia Arvid alibana pumzi na kuanza Baba Yetu, akaifikisha mpaka amina. Mkono wake juu ya goti ulitetemeka ulivyotaka. Haukumharibia mtu kitu.

Corliss aliwaita kwenye kompyuta. Picha ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kupiga, spoki kama zimechorwa kwa sindano. Kucha za mpira zilichungulia chini ya siti, na Corliss akazifuta hapo hapo, kwa mkupuo mmoja, huku wanatazama. Baada ya hapo palibaki pikipiki na weusi.

Daktari wa meno aliitazama picha. Alimeza mate.

"Lo!" alisema. "Inasimama yenyewe!"

Corliss aligeuka amtazame Arvid, wacheke wote wawili. Arvid alikuwa ameshasimama, anahangaika na vifungo vya koti, vidole vinakosa matundu. Corliss alinyoosha mkono amsaidie, kisha akaurudisha.

"Ndiyo," Arvid alimwambia daktari wa meno. "Sasa inasimama yenyewe."